Ngozi ya ndani ndiyo hozi yenyewe

Trekta likisimama shambani Monduli kwa hozi ya haidroliki (mpira wa kupitishia oili ya presha) iliyopasuka, mwenye mali hutazama waya zilizochomoza na kusema, "Waya zimeisha." Mara nyingi waya zimefuata tu. Kilichoanza kuharibika ni ngozi ya ndani, ule mpira mwembamba unaogusana na oili na ambao huuoni mpaka hozi ikatwe.

Chukua hozi ya nusu inchi yenye waya tabaka mbili, ile inayoandikwa 2SN. Presha yake ya kazi ni bar 275, na haitakiwi kupasuka chini ya mara 4 ya hapo. Nguvu hiyo yote ni ya waya. Lakini waya zimesukwa kama ukindu, zina matundu, haziwezi kuzuia hata tone. Anayezuia oili ni mpira wa nitrili ulio ndani. Ukipata ufa mwembamba kama unywele, oili hupenya kati ya waya na kuinua malengelenge kwenye mpira wa nje. Ukiona lengelenge, zima mashine, shusha mzigo chini, badilisha hozi. Usilipapase kukiwa na presha: oili hutoboa mkono kama sindano, na kidonda kinachoonekana kidogo hivyo ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja.

Usukaji wenyewe una hesabu nzuri sana. Presha ndani ya hozi husukuma kuta kwa pembeni mara mbili ya inavyosukuma kwa urefu. Waya zikilazwa kwa pembe ya karibu nyuzi 54.7 kutoka mstari wa urefu wa hozi, nguvu hizo mbili husawazika na hozi hairefuki wala haifupiki. Waya zikilala zaidi kufuata urefu, hozi hufupika na kunenepa. Hozi halisi hucheza kidogo, na viwango huruhusu ifupike hadi asilimia 4. Kwa hiyo hozi ya mita 1 iliyofungwa ikiwa imenyooka kabisa inaweza kudai sentimita 4 ambazo haina, na itazivuta kutoka kwenye fitingi, yaani kiungo cha chuma cha mwisho wa hozi. Iache ilegee.

Kwamba kinachobeba maji ni ngozi ya ndani, jambo hilo lipo hata kwenye mabomba yasiyopinda. Mwaka 1971 Mwingereza Eric Wood alikarabati bomba la maji taka la Hackney, London, bila kulifukua: soksi ya kitambaa iliyoloweshwa rezini, majimaji ya plastiki yanayoganda, iliachwa igande humo, ikawa bomba ndani ya bomba. Siku hizi soksi husukumwa kwa maji au hewa, ikijigeuza nje-ndani kama mkono wa sweta, kisha hugandishwa kwa maji ya moto, mvuke au mwanga wa urujuanimno. Soksi ya milimita 6 kwenye bomba la milimita 200 huacha nafasi ya 188, na kwa kuwa ukuta mpya ni laini, maji hayapungui sana. Kwa Arusha, ambako tiba ya kwanza ya bomba bovu chini ya lami ni sululu, ufundi huu unastahili kufikiriwa kwa dhati. Ila jua la saa nane linaweza kuigandisha rezini kabla soksi haijaingia, ndiyo maana husafirishwa ikiwa imepozwa. Soksi pana kuliko bomba hufanya mikunjo, na mikunjo hukamata uchafu. Na kila tundu la bomba la nyumba lililozibwa na soksi lazima litobolewe upya kutoka ndani. Likisahauliwa, choo cha mtu kinarudi sebuleni.

Nirudi kwenye hozi. Fundi anapokata, unga wa chuma na mpira hubaki ndani. Usiposafishwa kabla fitingi haijabanwa, unakwenda moja kwa moja kwenye pampu na valvu. Alama ya kina cha kuingiza fitingi ichorwe kwanza, na kipenyo cha kikombe, ile sehemu ya chuma inayobana hozi kwenye fitingi, kipimwe baada ya kubanwa kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kulingana na jedwali la mtengenezaji. Kikibanwa kidogo, hozi huchomoka. Kikizidi, ngozi ya ndani hukatwa hapohapo, na utaijua baada ya wiki kadhaa. Kukadiria kwa macho ni kosa, hata kwa fundi mzoefu wa Unga Limited, Arusha.

Wakati wa kufunga tumia spana mbili, moja ishike fitingi. Mstari wa maandishi ubavuni mwa hozi uende sawa. Ukizunguka kama kamba, hozi imesokotwa. Kona ya hozi ya nusu inchi isipungue nusu-kipenyo cha milimita 180, na ianze mbali kidogo na fitingi.

Mwisho ni majimaji yenyewe. Nitrili huvumilia oili ya madini. Mpira wa EPDM, aina nyingine inayotumika kwenye breki za majimaji ya glaikoli, ukiguswa na oili hiyo huvimba na kulainika, kwa hiyo kopo lililowekwa oili ya injini lisitumike kamwe kuongezea maji ya breki.