Nilivyopata kazi ya kufundisha Kiingereza mashambani Akita, Japani

Naanza na hesabu, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Darasa la nne hadi la nane: miaka 5. Sekondari: 4. Chuo kikuu: 4. Jumla 13.

Mgeni anayetaka kibali cha ualimu ili afundishe lugha katika shule za umma za Japani lazima aonyeshe kwamba amesomeshwa kwa lugha hiyo miaka isiyopungua 12. Si kwamba alisoma somo la Kiingereza. Ni kwamba hisabati, jiografia na mengine yote alifundishwa kwa Kiingereza. Kwetu Taita, mlimani, darasa la kwanza hadi la tatu tulisomeshwa kwa Kidawida kilichochanganywa na Kiswahili, na Kiingereza kikachukua usukani tulipoingia la nne. Kwa hiyo nilivuka kwa mwaka 1 tu. Rafiki yangu mmoja kutoka Moshi, ambaye alisoma shule ya msingi ya serikali miaka 7 kwa Kiswahili, alihesabu vidole vyake mara mbili, akacheka, akaenda kutafuta kazi hotelini. Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla hujaota lolote kuhusu Japani, hesabu kwanza.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza na Fasihi huko Voi, nimeajiriwa na bodi ya shule. Anayejua maisha ya mwalimu wa bodi hahitaji kuelezwa: mshahara unategemea karo, karo inategemea mvua. Nilingoja kuajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, miaka 5. Upo mpango wa serikali ya Japani uitwao JET, ulioanza 1987, ambao mtu huomba akiwa nchini kwake kupitia ubalozi, lakini mwaka ambao nami nilizinduka, tarehe ya mwisho ilikuwa imepita. Kosa langu. Nikachukua njia ndefu: mjomba aliuza ng'ombe 2, chama cha mama kikanikopesha, na Oktoba 2018 nikashuka Sendai kama mwanafunzi wa shule ya lugha ya Kijapani, kozi ya miaka 2.

Mwanafunzi akipata ruhusa anaweza kufanya kazi saa 28 kwa wiki. Zangu nilizimalizia katika kiwanda cha chakula cha kufungasha, usiku, nikipanga vipande vya samaki juu ya wali. Kichwani nimevaa kofia mbili na usoni barakoa. Pale ndipo nilipojifunza Kijapani cha kweli, na pale ndipo, bila kujua, nilipopata kazi ya ualimu. Nitafika huko.

Kuanzia mwishoni mwa 2019 nikaanza kutuma maombi. Kazi yenyewe huitwa ALT, mwalimu msaidizi wa lugha: unasimama darasani pamoja na mwalimu Mjapani, yeye ndiye mwenye darasa. Wengi huajiriwa na kampuni za uwakala zinazowapeleka shuleni. Wengine huajiriwa na halmashauri ya elimu ya mji moja kwa moja. Mimi sikujua tofauti hiyo, nikamwaga maombi yote kwa mawakala.

Wasifu wa Kijapani, rirekisho, una fomu yake maalumu, na picha ya sentimita 3 kwa 4. Wazee wanapenda uandikwe kwa mkono. Ukikosea herufi moja usifute, anza upya. Jina langu linaanza na Mw, kama majina mengi ya kwetu, na kwa Kijapani Mw haipo, kwa hiyo nikawa Muwa. Niliharibu karatasi 9 usiku wa kwanza.

Mawakala walinijibu kwa adabu. Mmoja alinipigia simu, tukazungumza dakika 20, akasifu sauti yangu, akafurahi kwamba nina shahada ya ualimu. Mwishoni akauliza pasipoti yangu ni ya nchi gani. Nilipomwambia, kukawa na kimya kidogo, kisha akasema wateja wao wanapendelea mzungumzaji wa kuzaliwa. Nilijaribu kumweleza kwamba Kenya Kiingereza ni lugha rasmi. Alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Japani "ndiyo" tatu mfululizo ni "hapana". Baada ya hapo nikaanza kujipaka rangi: niliandika kwamba nimekulia ndani ya Kiingereza, nikaiga hata matamshi ya Wamarekani. Aibu inanishika nikikumbuka. Maombi 11, mahojiano 2, kazi hakuna.

Kisha korona ikaja. Machi 2020 shule za Japani zikafungwa kwa muda, na kuanzia Aprili mipaka ikabana kiasi kwamba walimu wa kigeni waliotazamiwa hawakuweza kuingia. Nasema ukweli: kama si hilo, huenda nisingeandika haya. Mwezi huohuo wa Aprili mtaala mpya ulianza kutumika katika shule za msingi: darasa la tatu na la nne vipindi 35 vya Kiingereza kwa mwaka, la tano na la sita vipindi 70, na sasa kwa hawa wakubwa ni somo kamili lenye alama. Kwa hiyo miji midogo ilihitaji walimu zaidi mwaka uleule ambao walimu hawaji. Na mimi nilikuwa nimeshaingia, nimesimama kiwandani na samaki mkononi.

Kule kiwandani palikuwa na mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa kusini mwa Akita, karibu na Yokote. Mtu wa maneno machache. Julai aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne: ukurasa wa jarida la mji wa kwao, ambalo dada yake alikuwa amemtumia pamoja na mboga. Mji unatafuta ALT haraka, kuanzia Septemba, ajira ya moja kwa moja. Tangazo hilohilo lilikuwa pia Harō Wāku, ofisi ya serikali ya ajira, ambako sikuwahi kukanyaga kwa kudhani ni ya Wajapani peke yao. Si yao peke yao. Miji midogo haina fedha wala desturi ya kujitangaza kwa Kiingereza; matangazo yake hukaa kwa Kijapani, mahali ambapo mgeni hapiti. Kama unatafuta kazi ya kuanza Aprili, yasake Januari na Februari.

Nikapanda treni ya Komachi kutoka Sendai hadi Ōmagari, nikabadilisha, nikashuka kituo ambacho abiria walioshuka tulikuwa 2. Mashamba ya mpunga kijani hadi kwenye miguu ya milima, na nyumba ambazo ukiangalia vizuri unaona nusu yake hazina mtu. Akita ndio mkoa unaoongoza Japani kwa uzee: vijana huondoka, wazee hubaki.

Katika chumba cha mahojiano palikuwa na watu 3, na mkuu wa elimu wa mji akiwa katikati. Swali la kwanza lilikuwa lile lile. Je, Kiingereza ni lugha yako ya kuzaliwa?

Nilikuwa nimechoka. Nikasema hapana, ni lugha yangu ya tatu, nilianza kukisikia kwa bidii nikiwa na miaka 10, na mwalimu wangu alinichapa kwa sababu ya maneno yenye konsonanti tatu pamoja.

Wakatazamana. Mkuu wa elimu akauliza: "Sasa watoto wetu utawafundishaje maneno hayo?" Lilikuwa swali la kweli, si la adabu. Nikaomba chaki. Nikawaambia wanipigie makofi kwa kila silabi ya neno Krismasi kwa Kijapani: Ku-ri-su-ma-su, makofi 5. Kiswahili: Kri-sma-si, 3. Mwingereza: 2. Wakapiga, wakakosea, wakarudia. Nikawaeleza kwamba Mswahili na Mjapani wana ugonjwa mmoja, neno haliachwi likafia kwenye konsonanti. Sisi husema basi na hoteli na keki, wao husema basu na hoteru na kēki. Najua mkia huo unavyoota, na najua unavyokatwa, kwa sababu niliukata wangu mwenyewe. Mzungumzaji wa kuzaliwa hajui kwamba upo.

Sehemu ya pili ilikuwa somo la mfano, dakika 10, wao wakijifanya watoto wa darasa la tatu. Nilitandaza kadi za wanyama mezani. Mimi nataja, wao wananyakua. Mchezo huo wanao tangu zamani, wanauita karuta. Mkuu wa elimu, ambaye alikuwa amenyakua simba kwa ushindani usiofaa mtu wa cheo chake, aliuliza kadi kwetu zinaitwaje. Karata, nikasema. Alidhani namtania. Baadaye nilisoma kwamba neno ni moja, la Wareno: walifika Mombasa 1498 na Japani 1543, na kote walikopita waliacha karata zao. Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa, nilipelekwa na shule nikiwa darasa la saba, na hakuna aliyeniambia kwamba Wareno wale wangekuja kunitafutia kazi.

Swali la mwisho: huku kuna dubu, watoto huenda shule na kengele begini ili dubu asikie akae mbali, je, utaogopa? Nikawaambia kwetu ndovu hutoka Tsavo na kuingia mashambani, na kuna asubuhi ambazo watoto hawaendi shule mpaka ndovu waondoke. Wakaitikia "aaa" kwa pamoja, sauti ambayo nimeizoea sasa, na nikajua nimeipata kazi.

Ilikuwa ajira ya mwaka wa fedha, mkataba unaoisha kila tarehe 31 Machi na kufufuliwa wakipenda, yen 230,000 kwa mwezi kabla ya makato. Si utajiri, lakini Agosti, shule zikiwa likizoni, hawakukati mshahara, na kodi ya nyumba ya mji ni ndogo.

Ikabaki kuthibitisha ile miaka 13 ya kusomeshwa kwa Kiingereza. Uhamiaji walitaka barua kutoka shule ya msingi, sekondari na chuo, kila moja ikisema lugha ya kufundishia na miaka, na muhuri juu. Chuo na sekondari walinitumia. Shule ya msingi ilikuwa imefungwa, kama shule zote za Kenya mwaka ule, na mwalimu mkuu alikuwa kwao, upande wa pili wa mlima. Kaka yangu alipanda bodaboda kutoka Wundanyi, akamkuta akipalilia mahindi. Mzee akanawa mikono, akaingia ndani, akatoka na muhuri wa shule aliokuwa ameuhifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai. Barua ilichapwa saiba, duka la kompyuta na intaneti, ikagongwa muhuri juu ya meza ya saiba, ikapigwa picha nikaiona usiku huohuo. Yenyewe ilinifikia kwa kampuni ya vifurushi siku ya 16. Kibali kilitoka siku 4 kabla ya kozi yangu kuisha, na kazi ikaanza Oktoba badala ya Septemba. Mji ulingoja.

Leseni nayo ilikuwa sharti, kwa sababu nazungukia shule 5 na basi hupita mara 3 kwa siku. Ya Kenya hubadilishwa kwa mtihani wa kuendesha, na lazima uonyeshe ulikaa Kenya miezi 3 baada ya kuipata. Sisi pia tunaendesha kushoto, nikadhani ni mchezo. Nikafeli mara 2, kwa kutogeuza shingo ya kutosha kabla ya kukunja kona. Mara ya 3 niligeuza shingo kama bundi, nikapita. Nikanunua kigari cha injini ya cc 660 chenye nambari za njano, na siku ya kwanza nilipowasha, sauti ya mwanamke ikanisemesha. Ile ile! Kila aliyepanda Probox, lile gari la Kijapani, huko Voi anaijua, mwanamke wa Kijapani anayesema jambo asubuhi ambalo hakuna anayelielewa. Nilisimama kando ya barabara nikacheka hadi machozi. Anasema kadi ya kulipia barabara kuu haijaingizwa. Miaka yote hiyo, ndilo alilokuwa akitulalamikia.

Theluji sitaisema sana; mwenye nyumba jirani, bibi wa miaka 84, ndiye aliyenifundisha kushika koleo, na yeye huamka kabla yangu. Nikimaliza kuchimba njia hunisukumia bakuli na kusema silabi moja tu, "ke". Kwa lahaja yao maana yake ni kula. Jibu ni "ku", yaani nakula. Nilipompigia mama simu na kumweleza, alisema hao ni watu wetu waliopotea.

Shule yangu ndogo kuliko zote ilikuwa na watoto 14. Darasa la tatu na la nne walikaa chumba kimoja, mwalimu akigeukia huku na huku. Machi iliyopita ilifungwa, watoto wakahamishiwa shule ya mjini kwa basi. Siku ya mwisho walidai tucheze karata mpaka kengele. Tukacheza. Kadi ya simba ilichanika, kila mtu akataka kipande.

Mkataba wangu umefufuliwa tena. Shule ni 4 sasa.