Dume wa Dorper na hesabu ya miezi mitano

Ili nimnunue yule dume wa Dorper, aina ya kondoo wa nyama, niliuza majike wanne. Baba alinitazama, hakusema neno. Nilikuwa nimesikia kwamba Dorper walizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa ajili ya nchi kavu, nikaona nimemaliza kazi.

Watoto wake wa kwanza walinipa kiburi, maana walinenepa upesi. Basi nikabakiza wale wa kike na kuwaacha wapandwe na baba yao mwenyewe. Hilo ndilo kosa. Mvua zilipokolea, wenye damu yake nyingi wakaanza kuvimba chini ya taya. Ukifunua kope la chini, ndani kumepauka kabisa. Minyoo inayofyonza damu tumboni. Kondoo wetu wekundu wa asili, waliolala nao zizi moja, walikuwa wanacheua tu.

Sasa mama wote ni wa asili. Chotara wa Dorper nauza, hata awe mzuri vipi (na huwa inauma). Majike wa kubakiza natoa kwa dume mwekundu, ambaye nabadilishana na mwenzangu kabla hajawapanda binti zake.

Jambo la pili ni hesabu. Kondoo hubeba mimba siku kama 147, ila dume wangu alikuwa huru mwaka mzima, kwa hiyo wengine walizaa katikati ya ukame, chuchu kavu. Siku hizi namfunga kipande cha ngozi chini ya tumbo asiweze kupanda, namfungua pale tu ambapo miezi mitano mbele nategemea majani mabichi.

Lakini hapo ninapomfungua ni kiangazi, na jike aliyekonda hashiki mimba vizuri. Kilichoniokoa ni maganda ya migunga. Tunayaokota yakianguka, tunayaweka kwenye magunia juu ya uchaga, na kuyaponda kabla ya kulisha, kwa sababu mbegu nzima ni ngumu na nyingi hutoka na kinyesi vilevile. Mpungate nao tunauchoma miba na kuukatakata, sharti uchanganywe na nyasi kavu. Ukiliwa peke yake unaharisha. Nyasi nilizopanda ndani ya uzio wa miiba zilinigomea mara ya kwanza: mbegu zilikuwa mpya mno. Nilizozihifadhi miezi kadhaa ndizo zilizoota.

Kuhusu wale majike wanne, baba hajasema kitu hadi leo. Juzi tu aliagiza gunia moja la maganda. Yaliyopondwa.