Mume aligoma kuja barazani, talaka ikatoka

"Talaka sikupi, na huko barazani siendi." Wanawake wengi wa kusini mwa Tanzania tumeambiwa hivyo na waume zetu, tukarudi ndani tukiamini kwamba bila saini ya mume hakuna kutoka. Si kweli. Kugoma kwake hakuzuii kitu. Kinachokwamisha mashauri ni makaratasi, nami yangu niliyapanga hivi.

Ndoa isiyofikisha miaka 2 haipelekwi mahakamani kudai talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama. Yangu ilishapita, kwa hiyo nilianzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, linalojaribu kuwapatanisha wanandoa kabla ya mahakama. Mimi nilikuwa nimerudi kwetu Mtwara mjini, yeye kabaki Newala. Baraza linalohusika ni la kata anakoishi mume, si la kata uliyokimbilia, kwa hiyo nauli ya Newala ihesabu mapema. Waliofunga ndoa ya Kiislamu wengi hupitia BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Hapo hakikisha unayekaa mbele yao ni baraza la ndoa linalotambuliwa kisheria, maana barua ya shehe au muhtasari wa kikao cha ukoo si cheti cha baraza, kile kinachosema usuluhishi umeshindikana.

Niliomba aitwe mara 3, na kila wito utolewe nakala 2: moja abaki nayo, nyingine irudi na saini yake na tarehe. Wito wa pili aliusoma akamrudishia mjumbe mkononi. Mjumbe akageuza karatasi, akaandika nyuma: "Amesoma, amekataa kusaini," akaweka tarehe na saa, mwenyekiti wa kitongoji akatia jina lake na muhuri. Karatasi ile iliyokunjwa mara nne ilinisaidia kuliko maneno yangu yote. Mjumbe akirudi na neno la mdomo tu, "nimemwambia", huna kitu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwenza aliyeitwa na baraza akakaidi kwa makusudi, shauri linaweza kwenda mahakamani hata bila usuluhishi. Vivyo hivyo kwa aliyekutelekeza usijue aliko. Hata hivyo nakushauri uchukue cheti cha baraza, kinapunguza ubishi. Kisome papo hapo kabla hujatoka: majina yawe kama yalivyo kwenye cheti cha ndoa, tarehe iwepo, iandikwe wazi kwamba baraza limeshindwa kusuluhisha, saini na muhuri vionekane. Mahakama ya Rufani, katika rufaa Na. 246 ya 2019 iliyotoka huku huku Mtwara, iliona shauri la talaka halikuwa halali kwa kukosa cheti halali cha baraza. Yaani watu wamehangaika mahakama hadi mahakama, wakarudi walikoanzia.

Cheti kina miezi 6 tu. Kikitoka Mei, ukasema nisubiri malipo ya korosho, Desemba kimeshakufa. Fungua shauri kwanza.

Nilifungua Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo ni Kiswahili na unaweza kujieleza bila wakili. Niliandika tarehe na mahali tulipofunga ndoa, watoto na tarehe zao za kuzaliwa, sababu, halafu ninachoomba: talaka, mgawanyo wa mali, malezi na matunzo. "Simpendi tena" haitoshi. Mahakama inataka kuona ndoa imevunjika kiasi cha kutotengenezeka: kipigo (tunza PF3, fomu ya polisi ya matibabu), kutelekezwa kwa makusudi, uzinzi, au mmoja kumhama mwenzake kwa miaka 3 na zaidi. Leta shahidi aliyeona kwa macho, si aliyesimuliwa na wewe.

Mahakama nayo hutoa wito wake. Ikiridhika kwamba wito umemfikia mume na hakuja, husikiliza upande mmoja. Kusikilizwa peke yako si kushinda, bado unathibitisha kila dai. Tena anaweza kuibuka baadaye aombe hukumu iondolewe kwa kudai hakupata wito, kwa hiyo hakikisha uthibitisho wa kumfikia umo ndani ya jalada.

Kwenye mali ndiko nilikokaza zaidi. Huku kwetu mali ni mikorosho, na stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika kinachopokea korosho, huwa na jina la mume. Niliihesabu mikorosho yetu mti kwa mti pamoja na majirani wawili wa mpakani, nikatenganisha iliyopandwa ndani ya ndoa na ya ukoo wao, ambayo sikuidai. Nikataja nani alipalilia, nani alinunua salfa ya kupulizia mikorosho, nani aliokota. Mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa nayo huingia hesabuni ikiwa mliiendeleza kwa nguvu za pamoja. Dada uliyekaa nyumbani usinyamaze: tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983 katika shauri la Bi. Hawa Mohamed, kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango kwenye mali.

Mtoto aliye chini ya miaka 7 sheria huanza kwa kudhani anafaa kukaa kwa mama, ingawa dhana hiyo hupingika. Matunzo yaombe kwa kutaja kiasi cha fedha, ukiorodhesha chakula, ada na matibabu.

Hukumu ikisomwa, omba nakala yenye muhuri siku hiyo hiyo, kwa sababu muda wa kukata rufaa ni siku 45 na hukimbia. Baada ya hapo niliangalia majina herufi kwa herufi, kisha nikafuatilia usajili wa talaka RITA, wakala wa serikali wa usajili.