Plastiki ya Muhogo Ianzie Kwenye Kitalu cha Miche

Mtu mwenye muhogo, sufuria na moto anaweza kutengeneza plastiki nyumbani kwake bila mtambo wowote, na video za mtandaoni zinazoonyesha jambo hilo hazidanganyi. Kisichoonyeshwa ni yanayofuata baadaye: utando uliokauka vizuri unakutana na mvua, au jasho la mkono, au nyanya iliyopasuka ndani yake, na papo hapo unaanza kurudi kuwa uji. Tangu nianze kuishughulikia kazi hii katika banda lililo nyuma ya nyumba yangu, wilayani Muheza, mkoani Tanga, nimezidi kuamini kwamba wanga wa muhogo hautauondoa mfuko wa sokoni hivi karibuni, lakini unaweza kuchukua nafasi ya kiriba, yaani kile kimfuko cha plastiki cha kuoteshea miche, na huko ndiko ningependa nguvu zetu zielekezwe.

Niseme kwanza jinsi wanga wenyewe unavyopatikana. Muhogo humenywa, huoshwa na kukunwa ukiwa mbichi, kisha hutiwa maji mengi na kukamuliwa kwa kitambaa chepesi hadi machicha yabaki makavu mkononi. Maji yanayotoka ni meupe pe. Yakiachwa yatulie kwa saa kadhaa katika beseni, wanga hutuama chini na kufanya tabaka la ajabu kidogo: ukilipiga kwa kidole linakataa kama kwamba ni gumu, lakini ukilichota taratibu linatiririka. Maji ya juu humwagwa, yanatiwa mengine safi, na kazi hurudiwa mpaka maji yatoke maangavu. Uoshaji huu ndio pia unaoondoa sumu ya sianidi, hivyo hata muhogo mchungu, ambao haufai kuliwa kabla ya kulowekwa na kuanikwa, unafaa kabisa kwa kazi hii. Ila yale maji ya kwanza yasimwagwe mahali ambapo mbuzi au kuku watayanywa.

Mizizi mibichi ina wanga wa kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito wake, kutegemea aina, umri na msimu wa kuvuna, kwa hiyo kilo moja ya wanga mkavu hudai kilo nne au tano za muhogo, na kwa anayekamua kwa mikono hudai zaidi kwa sababu mwingi hubaki katika machicha. Tena muhogo ukishang'olewa haumsubiri mtu. Ndani ya siku mbili au tatu huanza kuweka michirizi ya buluu na nyeusi katika nyama yake, na ubora wake hushuka kila siku inayopita, ndiyo maana kiwanda cha wanga kinachojengwa mbali na mashamba kwa kutegemea malori na barabara za vumbi kinajitafutia taabu.

Kipimo kinachofahamika sana kwa utando wa nyumbani ni kijiko kimoja cha chakula cha wanga kwa vijiko vinne vya maji, pamoja na kijiko cha chai cha glisarini na kingine cha siki. Vyote hukorogwa vikiwa baridi mpaka madonge yaishe, ndipo sufuria iwekwe kwenye moto mdogo. Kwa muda huonekana kana kwamba hakuna kinachotokea. Mwiko unazunguka katika maji meupe yaleyale. Halafu joto linapofika kati ya nyuzi 60 na 70 mwiko unakuwa mzito ghafla, weupe unatoweka kuanzia pembeni mwa sufuria, na kinachobaki ni ute mzito unaopitisha mwanga. Ute huo hutandazwa ungali wa moto juu ya kioo, ukasawazishwa kwa rula ili unene uwe mmoja, na kuachwa kivulini penye upepo hadi uweze kubanduka. Jua la mchana huharakisha kukauka, lakini kingo hutangulia kukauka kabla ya katikati, na utando hujikunja na kupasuka.

Wanga umeundwa kwa polima mbili, zote zikiwa ni minyororo ya glukosi. Amilosi imenyooka, amilopektini ina matawi mengi. Katika muhogo amilosi ni chini kidogo ya moja ya tano, nayo ndiyo inayoweza kulala sambamba, ikashikana na kuupa utando nguvu, ilhali ile yenye matawi haipangiki kwa urahisi. Maji ya moto huzipasua chembe za wanga na kuifungua minyororo hiyo, siki husaidia kukatakata baadhi ya matawi, na glisarini hujipenyeza katikati ya minyororo ili isishikane kupita kiasi. Bila glisarini utando hukatika mara tu unapokunjwa. Ikizidi, utando unanata na hauna uwezo wa kubeba chochote.

Kila aliyewahi kutia kanji kanzu au sare ya shule anaifahamu tabia ya utando huu bila kujua: wanga uliochemshwa ukikauka juu ya pamba hushika mkunjo wa pasi barabara, na nguo ikifuliwa unaondoka wote na maji. Glukosi inavuta maji kwa maumbile yake, na glisarini inavuta unyevu hata kutoka hewani. Kwa hiyo wakati wa masika tando zangu hugandana zikiwa rafuni, na wakati wa kaskazi zilezile hukakamaa. Zaidi ya hayo, hata unyevu ukibaki uleule, minyororo ya wanga huendelea kujipanga upya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na kuufanya utando uwe mgumu kuliko ulivyokuwa ulipobanduliwa. Mende nao, ambao hawajasubiri kanuni yoyote ya mazingira, huula usiku.

Hapo ndipo lilipo fundo lote la jambo hili. Kinachoufanya utando uoze, yaani urahisi wa maji na vimeng'enya vya bakteria kuingia ndani yake, ndicho hichohicho kinachoufanya usifae kubebea samaki. Viwanda vimelizunguka fundo hilo kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kuuchanganya wanga na polima nyingine isiyopenda maji lakini inayoweza kuliwa na vijidudu, kama inavyofanya kampuni ya Novamont ya Italia kwa bidhaa zake za Mater-Bi, na polima hiyo ya kuchanganyia mara nyingi hutokana, angalau kwa sehemu, na mafuta ya petroli. Njia ya pili ni kuuvunja wanga uwe sukari, sukari ichachushwe iwe asidi ya laktiki, na asidi hiyo iunganishwe kuwa polima mpya. Polima hiyo ni imara na haiyeyuki katika maji, lakini ili ioze kwa kasi inahitaji lundo la mboji lenye joto la karibu nyuzi 60, kwa hiyo ikitupwa katika bahari ya Tanga itakaa humo miaka. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432, ambacho wauzaji wengi hupenda kukitaja, kinahusu hali ya kiwanda cha mboji. Hakizungumzii mtaro wala ufukwe.

Kule Bali, Indonesia, Kevin Kumala na kampuni yake ya Avani walijulikana kwa mifuko ya muhogo, naye Kumala alikuwa akikoroga kipande cha mfuko katika glasi ya maji ya moto na kuyanywa mbele ya watazamaji. Nalipenda onyesho hilo, nalo linajibu swali la sumu vizuri. Lakini anayetazama kwa makini ataona pia kwamba mfuko umeyeyuka ndani ya glasi.

Nina sababu ya kuwa mgumu katika suala la majina kama “mfuko unaooza”. Katika miaka ya 1970 huko Uingereza, Gerald Griffin alichanganya chembe za wanga ndani ya polithini, na baadaye mifuko ya namna hiyo ikauzwa kama mifuko inayooza. Vijidudu walikula wanga, polithini ikabaki vipandevipande. Vivyo hivyo plastiki zilizotiwa kemikali ili zisambaratike juani: hazikuoza, zilipungua ukubwa tu, na Umoja wa Ulaya ukaamua kuzipiga marufuku kwa agizo lake la mwaka 2019. Muuzaji akikuambia bidhaa yake inaoza, muulize inaozea wapi, katika joto gani, na kwa muda gani.

Kwetu Tanzania Bara mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, miaka miwili hivi baada ya Kenya. Rambo, kama tulivyoiita mifuko hiyo, ilitoweka sokoni kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ambayo sasa imejaa majumbani, imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni plastiki. Faida yake ni kwamba inatumika mara nyingi kabla ya kuchanika. Marufuku hiyo haikugusa vifungashio vya dawa, vya viwandani na vya kilimo, na katika kundi hilo la kilimo ndimo kilimobaki kiriba.

Kiriba cheusi cha polithini kina maisha ya ajabu. Hujazwa udongo na samadi, hubeba mche kwa wiki au miezi, kisha siku ya kupanda huchanwa kwa wembe na kutupwa palepale shambani. Mpandaji mvivu hakichani kabisa, na mizizi hubaki ikijisokota ndani yake mpaka mti unadumaa. Baada ya kila kampeni ya kupanda miti, ukilima eneo hilo msimu unaofuata jembe hutoka na vipande vyeusi. Hapa basi pana bidhaa ambayo haihitaji kuwa angavu wala nyembamba, hainyanyuliwi kwa mpini, na ambayo kufa kwake udongoni si kasoro, ni sehemu ya kazi yake. Mche ungepandwa pamoja na kiriba chake, bila wembe, na mizizi ikajitobolea njia.

Utando mtupu wa wanga hauwezi kazi hiyo, kwa kuwa kumwagilia maji kila siku kutaumaliza kabla mbegu hazijachipua. Ninachokifanya ni kukanda uji mzito wa wanga pamoja na machicha ya muhogo wenyewe na nyuzi fupi za katani, ambazo katika mkoa huu hazihitaji kutafutwa mbali, kisha kuushindilia katika kalibu ya chuma yenye moto hadi maji yatoke kama mvuke na ukuta ubaki mgumu. Ndani hupakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Vikombe hivyo vimebeba miche yangu ya nyanya mpaka ikafikia kuhamishiwa shambani, hasa vilipokaa juu ya trei na kunyweshwa kwa chini badala ya kumwagiwa kwa juu. Kwa mikorosho au misaji, inayokaa kitaluni miezi mingi, bado havitoshi, na sioni aibu kusema kwamba huenda huko mchanganyiko wa kiwandani ukahitajika. Kuna jambo moja ambalo mwenye kitalu anapaswa kulitarajia: bakteria wanaokula ukuta huo huchukua naitrojeni kutoka katika udongo ulio karibu, na mche usipoongezewa samadi unapauka majani.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama ni haki kufanya plastiki kwa kitu ambacho watu wanakila. Tanga ni nchi ya bada, ugali wa muhogo, na mashamba yetu tayari yanasumbuliwa na magonjwa ya muhogo ya batobato na michirizi ya kahawia, kwa hiyo swali hilo si la kupuuzwa. Jibu langu ni kwamba kiriba kinaweza kutumia zaidi machicha, pamoja na mizizi iliyokwisha kuharibika na isiyouzika tena, na wanga safi ukawa wa kugandishia tu. Mfuko wa sokoni, ambao unahitaji wanga safi kwa wingi kila siku, usingeweza kujitetea hivyo.

Kinachonibana kwa sasa ni ukaushaji. Kalibu yangu haimalizi unyevu wote, na vikombe vikirundikwa kabla havijakauka huota ukungu wa kijani hata kabla ya kuona udongo, wakati mwenye kitalu anataka mzigo wake kwa maelfu na kwa tarehe iliyopangwa. Ninajenga kikaushio cha jua cha aina ile inayotumiwa kwa maembe na mboga, chenye paa la nailoni angavu na matundu ya hewa chini, ili kiwe tayari kabla mvua za masika hazijaanza.