Nilivyochagua kigari cha rimoti cha kukimbiza ndani

Kabla sijaangalia gari lolote niliangalia sakafu. Nilishajua nitaendesha ukumbini, kwenye zulia fupi, njia nyembamba na kona zilizobanana, na hilo peke yake likanichujia nusu ya magari niliyokuwa nayamezea mate.

Ni hesabu tu. Kigari cha 1/28, yaani gari halisi lililopunguzwa mara 28, kina urefu wa sentimita 16 hivi, na tumbo lake liko milimita chache kutoka chini. Kokoto ya milimita 3 kwake ni kama gari halisi likutane na jiwe la milimita 84. Kwa gari la 1/10, kokoto hiyohiyo ni milimita 30: litatikisika kidogo na safari iendelee. Kwa hiyo mwenye uwanja wa lami hana sababu ya kujitesa na 1/28. Lakini leta la 1/10 chumbani uone: umegusa ekselereta tu, ukuta huu hapa.

Hata hivyo sikuyaruka makubwa bila kuyapima. TT-02 ya kampuni ya Tamiya, ya 1/10 yenye kuvuta magurudumu yote manne kwa shafti, ni gari gumu na spea zake zimejaa kila mahali. Mtu mwenye eneo pana la lami ningemwambia achukue hilo asiumize kichwa, ila bushi za plastiki zinazokuja kwenye boksi azitoe na kuweka beringi wakati huohuo anapoliunga, maana kulifumua baadaye ni kazi. Kuna pia chasisi za M za kampuni hiyohiyo, nazo ni za 1/10 lakini fupi, zilizotengenezwa kwa bodi za magari madogo. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 210, 225 au 239. M-05 ilinitia tamaa kwelikweli. Inavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukizidisha mwendo kwenye kona pua ndiyo inayotoka nje, mkia unatulia. Ukiachia kidogo inarudi yenyewe. Ni gari lenye huruma kwa anayeanza. Kama ukumbi wetu ungekuwa mpana zaidi, ningelichukua.

Nikabaki kwenye 1/28. Huko ndani kuna magari mengi, mengine yanapendeza kweli kwenye picha, na nilichotumia kuyachuja ni kitu kimoja kidogo: kile kipande cha plastiki kinachoshika gurudumu la mbele na kugeuka nalo. Gari la mbio litagonga tu, hata uwe na mkono mwepesi namna gani, na mara nyingi hicho ndicho kinachokatika. Nikawa nauliza, je, kinapatikana peke yake? Kama jibu ni kununua mbele nzima, au kusubiri bila kujua mpaka lini, gari hilo nililiweka kando hata kama lina kasi ya mshale. Mini-Z ya Kyosho, iliyoko sokoni tangu 1999, ilipita mtihani huo bila jasho.

Hapo kukazuka mjadala wa kuvuta nyuma au kuvuta magurudumu yote. Wenzangu wengi walisema yote manne, na hoja yao ina maana: gari linashika, halipigi mkia, unafurahia mapema. Mimi nilichagua la kuvuta nyuma. Lina vipande vichache vya kuchakaa, na linakufundisha kidole. Ukibonyeza ekselereta kabla usukani haujanyooka linageuka likakutazama. Unaachana na tabia hiyo upesi.

Kuhusu mota, nilishauriwa sana kuchukua isiyo na kaboni (brushless), yenye kasi zaidi. Nikakataa, kwa hesabu nyingine rahisi. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni mita 5.5 hivi kwa sekunde. Njia iliyonyooka ya mita 5 inakwisha kabla sekunde haijatimia, na jicho langu halikupunguzwa mara 28 pamoja na gari. (Maboksi yanayozidisha kasi kwa 28 ili kuandika mamia ya kilomita ni ya kuchekesha tu.) Mota ndogo ya kaboni inatosha kabisa.

Pesa nilizookoa ziliingia kwenye tairi na rimoti. Rimoti niliitaka iwe na marekebisho ya kiasi cha kukata usukani na nguvu ya breki, kwa sababu hiyo itabaki nami hata gari likibadilika. Angalizo: kuandikwa 2.4 GHz kwenye gari na kwenye rimoti si uhakika kwamba vitasikilizana. Uliza mfumo wenyewe kwa jina.

Tairi ndizo zilizobadilisha gari kuliko kitu kingine chochote. Za Mini-Z zinauzwa kwa ugumu, namba ikiwa ndogo ndiyo laini. Niliweka 20 nyuma na 40 mbele, ili mkia ung'ang'anie na pua iwe mvivu kidogo. Kasi ya kugeuka nikaitafuta baadaye kwa kulainisha za mbele. Mpira unabanwa kwenye rimu kwa utepe wenye gundi pande mbili. Unasafisha rimu, unazungusha utepe bila kuacha mkunjo, unavuta mpira juu yake, kisha unalizungusha gurudumu mbele ya macho. Likiyumba hata kidogo, vua uanze upya. Kwa gari jepesi hivi, yumbo hilo utalisikia kila kona.

Betri ni nne za AAA za kuchaji, volti 1.2 kila moja. Kavu za volti 1.5 zinaonekana na nguvu zaidi kwenye maandishi, ila mota ikivuta zinalegea haraka. Mimi nina seti mbili, moja mbio, moja kwenye chaja, na zikiwa zinapishana hivyo napata nafasi ya kugeuza gari na kutoa nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli ya nyuma. Usipozitoa, zinaingia mpaka kwenye beringi.