Kitambaa cha dirishani

Mwaka 2020, tulipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, kila asubuhi nilifuta kizingiti cha dirisha letu linalotazama barabara kuu. Kabla ya hapo kitambaa kilikuwa kikitoka cheusi tii, masizi ya dizeli yanayonata vidoleni. Wiki ya tatu kikatoka na vumbi la kahawia tu. Mwanangu ana pumu. Usiku mlio wa kifua chake ulipungua, nami nilikaa pembeni mwa kitanda nikimsikiliza anavyopumua.

Satelaiti ya Ulaya, Sentinel-5P, iliona jambo hilohilo kutoka juu: naitrojeni dayoksaidi, gesi itokayo kwenye injini, ilishuka Wuhan, kisha kaskazini mwa Italia, kisha kwingineko. Gesi hii hudumu hewani kwa saa chache tu, ndiyo maana magari yakisimama matokeo huonekana upesi. Kule Jalandhar, India, watu waliona milima ya Himalaya wakiwa juu ya mapaa yao!

Ila si kila kitu kilishuka. Chembe ndogo mno za vumbi na moshi, ziitwazo PM2.5, zilipungua kidogo tu mahali pengi, kwa kuwa hutoka pia majikoni, viwandani na kwenye mashamba yanayochomwa. Ozoni ya karibu na ardhi, gesi inayodhuru mapafu, ilipanda katika miji kadhaa, maana gesi nyingine itokayo kwenye magari ndiyo huimaliza. Hilo lilinishangaza mno.

Magari yaliporudi, kitambaa kikarudi cheusi. Sikubali kwamba mpaka uje ugonjwa ndipo mtoto apumue. Nimekitia kwenye bahasha, pamoja na barua yangu ya kuomba malori yasipite hapa usiku.