Nauli ya mananasi

Shangazi aliingia jana na boti ya kutoka kisiwa cha Idjwi, kikapu cha mananasi kichwani, goti la kulia likimsumbua kama kawaida. Hadi asubuhi hii chumba kizima kinanukia. Nami nikinusa nanasi la Idjwi, akili inakimbilia Januari 2013.

Wakati ule Denis Mukwege, daktari wetu wa akina mama, hakuwepo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tarehe 25 Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake. Mlinzi wake aliuawa akijaribu kumwokoa. Daktari akachukua familia, akaenda Ulaya. Nani angemlaumu? Mimi nilikuwa nimeshamtoa hesabuni. Kwetu mtu akipanda ndege namna ile, tunabaki na picha zake.

Akina mama wa Idjwi walikataa. Walianza kuuza mananasi na vitunguu, wakichanga wamlipie tiketi ya kurudi. Shangazi alikuwamo. Nilimcheka, nakiri. Nilimpigia hesabu kwenye kikaratasi: nanasi moja franga kadhaa, tiketi dola ngapi. “Shangazi, mtauza kisiwa kizima.” Akakichukua kile kikaratasi, akafungia chumvi.

Tarehe 14 Januari daktari akarudi. Barabara ya kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu ilijaa watu. Shangazi alisimama tangu asubuhi na hakuona kitu ila migongo ya wenzake, lakini ukimsikia akisimulia utadhani ndiye aliyemfungulia mlango wa gari.

Huyu ni mtoto wa hapa hapa, mzaliwa wa Bukavu, 1955, baba yake mchungaji. Akiwa na miaka minane alifuatana na baba kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza mbona anaomba tu, hatoi dawa. Baba akasema yeye si daktari. Basi mtoto akaamua atakuwa yeye. Alianzia hospitali ya Lemera; ikashambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi hapa Bukavu ili akina mama wasife wakijifungua. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi. Baada yake wamekuja maelfu. Hata Tuzo ya Nobeli ya Amani ilipotangazwa, tarehe 5 Oktoba 2018, yake pamoja na Nadia Murad wa Iraki, habari ilimkuta katika chumba cha upasuaji.

Alipogombea urais 2023 sikufurahi. Niliona siasa itamchafua bure. Shangazi alinigombeza siku nzima: “Wewe ukishona nguo ileile kila siku, hutamtafuta mwenye wembe?” Sijashawishika mpaka leo, ila sikupata la kumjibu.

Mwaka jana nilimpeleka Panzi kwa ajili ya lile goti. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wengine. Nikamnong'oneza: “Si uwaambie ulichangia tiketi ya daktari?” Alinitazama kama mtoto aliyetukana mbele ya wageni.

“Tulilipa arudi. Si amerudi?”

Akafungua kitenge, akatoa kisu kidogo, akaanza kumenya nanasi. Kipande cha kwanza alimpa mama wa pembeni, tusiyemjua.